Vivuli kwenye picha za MRI: badili fezi kabla ya kuongeza NEX

Swali: Habari yako mwalimu. Mimi ni radiografa hapa Nakuru, na huu ni mwezi wangu wa sita kwenye mashine ya MRI ya tesla 1.5. Daktari anayesoma picha zetu ananirudishia kazi karibu kila wiki. Picha za tumbo zina vivuli vinavyojirudia kama mawimbi. Picha za shingo zina mstari mweupe ndani ya ugwe wa mgongo ambao daktari anasema hauamini. Goti la kijana aliyewekewa chuma lilitoka jeusi, halikusomeka. Mhandisi amekuja mara mbili na amesema mashine ni nzima. Niliambiwa niongeze NEX, yaani idadi ya marudio ya kila mstari wa picha, nikafika 4, na picha zikazidi kuwa mbaya. Nianzie wapi?

Jibu: Pole na kazi, dada yangu. Mhandisi wako huenda amesema kweli. Shida tatu ulizotaja zina vyanzo vitatu tofauti, na NEX uliyopewa ingeweza kusaidia kweli moja tu kati yake, yaani goti, ambako hukuitumia.

Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi hapa Kisumu, na nimefundisha vijana wengi. Wanaojituma ndio hasa huanguka hapa: wanaona alama ya uongo kwenye picha, yaani atifakti, wanakimbilia kubadilisha namba kabla ya kuuliza alama imeelekea wapi. Kwenye MRI, atifakti nyingi hujitaja kwa mwelekeo wake. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, angalia picha iliyoharibika na ujiulize: upande wa fezi, unaosomwa mstari baada ya mstari, ni upi, na upande wa masafa, unaosomwa kwa mara moja, ni upi? Kama huwezi kujibu bila kufungua ukurasa wa vipimo, ufungue. Ufungue kila mara hadi izoeleke.

Nieleze kwa nini, maana ukilielewa hili mengine yote yanafuata. Chukua mfuatano (seti moja ya picha) wa kawaida wa spini-eko wa aina ya T1, ambayo maji huwa meusi: TR, yaani muda kati ya mstari na mstari, milisekunde 500, mistari ya fezi 256, NEX 1. Upande wa masafa, mashine husoma mstari mzima kwa milisekunde chache, upesi kuliko kupepesa jicho. Hakuna pumzi inayoweza kuingilia hapo. Upande wa fezi mambo ni mengine. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni nusu sekunde, na kuikusanya yote 256 ni sekunde 128. Katika dakika hizo mbili na kidogo mgonjwa wako amepumua mara 30 hivi, moyo umepiga mara 150, amemeza mate, na pengine amejikuna. Hesabu ya Fourier inayogeuza ishara kuwa picha huchukulia kwamba kila kitu kilikaa palepale tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kisipokaa, hesabu inapeleka ishara mahali pasipo pake, na inaipeleka kufuata fezi, hata kama tumbo lilikuwa likipanda na kushuka upande mwingine kabisa. Mwendo wenye mpigo, kama wa pumzi au wa mshipa mkubwa wa damu, huacha nakala zilizopangana kwa nafasi sawa. Hayo ndiyo mawimbi yako. Mwendo wa ovyo, kama kikohozi, huacha ukungu.

Sasa weka NEX 4 kwenye hesabu hiyohiyo. Sekunde 128 zinakuwa 512, yaani dakika nane na nusu kwa mfuatano mmoja. Faida unayopata kwenye ishara ikilinganishwa na kelele si mara nne bali mara mbili, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili. Ni kweli kwamba marudio mengi husawazisha vivuli vya pumzi kidogo, na ndiyo maana ushauri huo umedumu hospitalini tangu zamani. Lakini mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo, aliyetoka Molo alfajiri kwa matatu, hawezi kulala kimya dakika nane na nusu, kisha tena dakika nane na nusu. Atasogea. Akisogea mara moja katikati, umepoteza zaidi ya ulichonunua.

Kipimo cha kuanzia ni hiki. Chukua mfuatano mmoja mfupi, badilisha fezi na masafa, upige tena. Vivuli vikihama kufuata fezi mpya, chanzo ni mwendo au mtiririko wa damu na maji ya mwili. Alama ikibaki palepale kwenye mwili pande zote mbili, fikiria chuma, au fikiria kwamba ni ugonjwa wa kweli. Ukibaki na shaka kuhusu mashine yenyewe, weka chupa ya majaribio kwenye koili (antena inayopokea ishara) ileile, vipimo vilevile, upige. Chupa haipumui wala haimezi mate. Ikitoka safi, mwache mhandisi apumzike.

Tuanze na tumbo, ambako dawa kubwa iko nje ya kompyuta.

Nitakusimulia jambo lililonifunza. Miaka ya mwanzo, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, alikuja bibi kutoka upande wa Siaya kupigwa picha ya ini. Mashine ilikuwa na sauti iliyorekodiwa na kiwanda, kwa Kiingereza, ikimwambia avute pumzi, aitoe, aizuie. Picha zilitoka zimechafuka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Nilibadilisha karibu kila namba iliyokuwa kwenye skrini. Mwishowe muuguzi, Mjaluo mwenzake, aliingia ndani, akamshika mkono, akamuuliza, "Dani (bibi), ukisikia ile sauti unafanya nini?" Akajibu kwamba kila ikisema anavuta pumzi kubwa, kwa sababu alidhani ndivyo anavyoombwa. Alikuwa mtiifu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumpiga. Sisi ndio tulikuwa hatujamwambia. Muuguzi alimfanyisha mazoezi mara tatu kwa Kidholuo, tukarudia, na ini likaonekana hadi mishipa midogo. Niliona aibu, na hadi leo naikumbuka siku ile ninapoona mtu analaumu koili.

Mashine nyingi za kisasa zinakuruhusu kurekodi sauti yako mwenyewe badala ya ile ya kiwanda. Uliza mhandisi akuonyeshe. Rekodi Kiswahili, kisha mtafute mwenzako wa kurekodi Kikuyu na Kikalenjin kwa wagonjwa wenu wa huko. Hapa kwetu ni Kidholuo, Kiluhya na Ekegusii. Maneno yawe machache, nafasi kati yake ya kutosha, na sauti iwe ya mtu asiye na haraka.

Mazoezi yafanyike kabla mgonjwa hajaingia kwenye tundu. Mwambie avute, atoe, kisha azuie akiwa ametoa. Kuzuia baada ya kutoa pumzi huchosha zaidi kuliko kuzuia baada ya kuvuta, lakini ini linarudi mahali pamoja kila mara, na picha za mafungu mawili zinapangana. Mhesabie kwa saa yako. Kama anaweza sekunde 12, usimwekee mfuatano wa sekunde 20 ukitumaini atajikaza. Punguza vipande, ugawe mara mbili, au tumia upigaji wa sambamba, ule wa koili nyingi uliokuja mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa majina ya SMASH na SENSE, kisha GRAPPA mwaka 2002. Unapunguza mistari ya fezi inayokusanywa, na koili zinajaza pengo. Ukipunguza kwa nusu, ishara inashuka kiasi, lakini picha yenye chembechembe kidogo isiyo na vivuli inasomeka, na ile laini yenye vivuli haisomeki. Mimi ningechagua chembechembe siku yoyote.

Asiyeweza kuzuia pumzi kabisa, mzee wa kifua au mtoto, mfungie mkanda wa pumzi na upige kwa kufuata pumzi yake, au tumia mfuatano wa mkupuo mmoja ambao hukamilisha kila kipande chini ya sekunde moja. Kama mashine yako ina usomaji wa mapanga unaozunguka, ambao kampuni huuza kwa majina ya PROPELLER, BLADE au MultiVane, utumie. Hupitia katikati ya data tena na tena, kwa hiyo mwendo hugunduliwa na kusahihishwa, na kilichobaki husambaa badala ya kupangana kama mawimbi. Kwa kichwa cha mgonjwa anayetetemeka, sijui dawa nyingine inayoukaribia.

Kuna hila moja ndogo ambayo wengi huisahau. Vivuli vibaya zaidi vya tumbo hutoka kwenye mafuta ya ukuta wa mbele, kwa sababu yanang'aa kuliko vyote na yanasogea kuliko vyote. Weka bendi ya kuzima ishara juu ya ukuta huo, au zima mafuta kote, na kivuli kinakosa cha kujirudia. Kwa damu ya mshipa mkubwa, bendi iwekwe juu na chini ya vipande vyako, ili damu iingie ikiwa imezimwa tayari.

Mgonjwa asile kwa muda wa saa nne hadi sita kabla ya kupigwa, akojoe kabla ya kupanda mezani, awekewe mto chini ya magoti. Anayeumwa apewe dawa ya maumivu mapema, daktari akiagiza, si wakati tayari amelala mezani. Kama matumbo yanachezacheza sana, daktari anaweza kuagiza haiosini ya kuyatuliza. Hiyo haiagizwi na sisi, na lazima mgonjwa aulizwe kuhusu glakoma na moyo. Kwa mtoto mchanga, mama amnyonyeshe ashibe, umviringe kwenye leso, umfunike masikio, usubiri alale. Dakika ishirini za kusubiri hapo mara nyingi huokoa dawa ya usingizi.

Sasa shingo. Hapa naomba uwe mwangalifu sana, kwa sababu mstari mweupe ndani ya ugwe unaweza kusomwa kama uwazi wenye maji, na mtu akapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa neva kwa ugonjwa ambao hana. Daktari wako anayekataa kuuamini anakulinda wewe na mgonjwa pia.

Mstari huo una vyanzo viwili vya kawaida, na vinaweza kuwapo pamoja. Cha kwanza ni atifakti ya Gibbs. Mahali ambapo ishara inabadilika ghafla, kama maji meupe ya mgongo yanapopakana na ugwe wa kijivu, hesabu ya Fourier yenye mistari michache hupita kiwango halisi cha ishara kwa karibu asilimia 9, kisha inatetereka na kuacha mistari sambamba. Ugwe wa shingo una unene wa milimita 8 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Ukiwa na eneo la picha la milimita 240 na mistari ya fezi 128 tu, kila pikseli ni karibu milimita 1.9, yaani ugwe mzima umepewa pikseli nne. Mitetemo ya kuta mbili inakutana katikati na kuchora mstari mmoja mzuri, ulionyooka mno. Peleka mistari kwenye 256, pikseli inashuka chini ya milimita 1. Ule mruko wa asilimia 9 haupotei, lakini mistari inasongamana karibu na kuta na katikati panabaki safi. Hii ndiyo sababu sipendi kuona mtu akipunguza matriksi (idadi ya mistari) ya fezi ya shingo ili kuokoa dakika moja. Okoa kwingine.

Chanzo cha pili ni koo na maji ya mgongo yenyewe. Kama fezi yako inakwenda mbele na nyuma, kila mgonjwa anapomeza, koo linapaka kivuli moja kwa moja juu ya ugwe. Igeuze fezi iende kichwani na miguuni. Hapo koo likisogea, vivuli vyake vinapita mbele ya ugwe badala ya juu yake. Weka pia bendi ya kuzima juu ya koo, na fidia ya mtiririko kwenye T2, aina ya picha ambayo maji huwa meupe.

Ukigeuza hivyo utakutana na tatizo jipya siku hiyohiyo: kichwa na kifua vipo nje ya eneo la picha upande wa fezi, navyo vitakunjana na kuingia upande wa pili, ubongo ukatokea juu ya pingili za kifua. Washa usomaji wa ziada wa fezi. Utaona muda umeongezeka mara mbili, na vijana wengi huuzima hapo kwa hofu. Usiuzime. Usomaji wa ziada wa asilimia 100 unaleta mistari mara mbili, na mistari hiyo inaimarisha ishara sawasawa na NEX ya pili. Kwa hiyo shusha NEX kutoka 2 hadi 1. Muda unabaki uleule, ishara inabaki ileile, na ubongo unarudi mahali pake.

Mwisho kabisa, kabla ya kumshusha mgonjwa, kata vipande vya mlalo kupitia sehemu yenye mstari. Uwazi wa kweli una umbo la duara au yai kwenye mlalo, na kwenye T1 ni mweusi kama maji. Mstari wa Gibbs hauna mwili. Ukibadilisha matriksi, unabadilisha nafasi au unatoweka.

Goti la yule kijana ni habari nyingine kabisa. Nakisia ni ajali ya bodaboda, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wangu wenye vyuma vya mguu ndivyo walivyovipata. Kabla ya kufikiria uzuri wa picha, hakikisha chuma chenyewe kinaruhusiwa kwenye sumaku hiyo. Karatasi za upasuaji mara nyingi zimepotea. Eksirei ya kawaida itakuonyesha ni nini kimewekwa na ni vyuma vingapi, na daktari aliyeweka anaweza kupatikana kwa simu. Na kwa kuwa tumefika hapo: kila fundi wa jua kali anayechomelea au kusaga chuma aulizwe kama kipande kimewahi kumwingia jichoni, na akisema ndiyo, jicho lipigwe eksirei kwanza. Hilo si suala la atifakti. Kipande kikisogea, anaweza kupoteza jicho.

Chuma kinapovuruga uga wa sumaku, protoni zilizo karibu nacho zinazunguka kwa masafa yasiyo yake. Mashine inapima mahali kwa masafa, kwa hiyo inaziweka pengine: hapa panabaki shimo jeusi, pale ishara inarundikana na kung'aa. Chuma kisichoshika kutu huvuruga zaidi ya titani. Tesla 3 huvuruga zaidi ya 1.5, hivyo mashine yako ndiyo inayofaa, usimpeleke kwingine akitafuta sumaku kubwa.

Acha mifuatano ya gredienti-eko kabisa kwa mgonjwa huyu, maana haina mpigo wa digrii 180 wa kurekebisha uvurugaji. Tumia spini-eko ya haraka. Pandisha bandiwidhi (upana wa masafa yanayosomwa) hadi inakoweza kufika, fanya vipande viwe vyembamba, na fupisha nafasi kati ya mwangwi na mwangwi. Elekeza masafa yafuate urefu wa skrubu, ili mtawanyiko ukae juu ya skrubu yenyewe badala ya kumwagika kwenye gegedu unayoitafuta. Na usizime mafuta kwa njia ya masafa. Njia hiyo inalenga tofauti ndogo mno kati ya mafuta na maji, hezi 220 hivi kwenye tesla 1.5, na karibu na chuma vyote viwili vimehama mbali kuliko hapo. Utazima maji ukadhani umezima mafuta, na uvimbe wa mfupa utapotea. Tumia STIR, ambayo huchagua mafuta kwa muda wake wa T1, ukiweka TI (muda wa kusubiri kabla ya kusoma) karibu milisekunde 150 hadi 170. Ila isitumike baada ya gadolinia, dawa ya kung'arisha picha, kwa sababu inaweza kuzima hata kile kilichokunywa dawa. Kama hospitali yenu imelipia SEMAC au MAVRIC, mifuatano maalumu ya kupunguza uvurugaji wa chuma, goti hilo ndilo mahali pake.

Bandiwidhi kubwa inaleta kelele nyingi. Hapa, dada yangu, ndipo NEX 4 inapostahili. Goti halipumui. Lifunge vizuri kwa mito na mikanda, mweleze kijana itachukua muda gani, na uongeze marudio kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo sehemu iliyogusana na chuma haitaonekana yote, na ni haki daktari aambiwe hivyo mapema badala ya kusubiri muujiza.

Vyuma vidogo vinaharibu picha za kichwa kila siku bila watu kushuku. Wigi ina vibanio ndani. Weave nyingine zimeshonewa juu ya pini. Kope za bandia za sumaku sasa zinauzwa kila mahali, na wanja mwingine una oksidi ya chuma. Sidiria ina waya. Uliza kwa heshima, mwanamke kwa mwanamke ikiwezekana, faraghani, na eleza sababu. Dada akisikia kwamba wigi yake inaweza kuficha jibu la maumivu yake ya kichwa, anaivua. Mpe kitambaa cha kujifunga.

Chumba nitakipitia haraka, kwa kuwa mhandisi ameshapita. Protoni kwenye tesla 1.5 zinazungumza kwenye megahezi 64 hivi, na kuta zenu zina ngome ya shaba ya kuzuia redio za nje. Mlango ukiachwa wazi, hata kidogo, au taa mbovu ikibaki ndani, utaona mstari wa vitone kama zipu, umenyooka kufuata fezi kwenye masafa yake. Funga mlango, toa kifaa, piga tena. Mistari ya mshazari kama kitambaa kilichofumwa, inayotokea kwenye picha moja na kukosekana kwenye nyingine, ni cheche. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na Januari na Februari hewa yenu hukauka. Blanketi za nailoni hutoa cheche hizo, kwa hiyo badilisha uweke shuka za pamba na umwombe mhandisi aangalie unyevu wa chumba na skrubu zilizolegea. Hapa Kisumu ziwa hutusaidia kwa hilo, ingawa joto linatusumbua kwenye mtambo wa kupoza.

Ukiona kanda nyeusi upande mmoja wa figo na nyeupe upande wa pili, hiyo ni ishara ya mafuta iliyohama ikilinganishwa na ya maji, na inafuata masafa. Hezi 220 kwenye bandiwidhi ya hezi 110 kwa pikseli ni pikseli mbili. Ukiweka 440, ni nusu pikseli na huioni tena. Haihitaji zaidi ya hapo.

Lakini usizoee kuua kila atifakti. Tofauti hiyohiyo ya mafuta na maji ndiyo inayotuwezesha kupiga kwa mwangwi wa milisekunde 2.2 hivi na 4.4 hivi, na uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo ukififia kwenye ya kwanza, daktari anajua una mafuta ndani na mara nyingi si saratani. Weusi unaotokana na madini ya damu ya zamani ndio unaotuonyesha kutokwa na damu ubongoni ambako hakuna picha nyingine iliyokuona. Kuna pia kano inayong'aa kwa uongo ikilala karibu digrii 55 kutoka kwenye uga wa sumaku. Hiyo haihitaji kurekebishwa, inahitaji kutambuliwa, na ukirefusha TE, yaani muda wa kusubiri mwangwi, inanyamaza.

Kwa wiki hii, fanya hivi. Panga mifuatano yako upya ili ile inayojibu swali la daktari ipigwe ya kwanza, mgonjwa akiwa bado ana nguvu. Angalia kila picha inapotoka, si baada ya kumaliza, na urudie ile tu iliyoharibika. Mgonjwa akikohoa au akilia, andika kwenye maelezo yanayokwenda kwa daktari, kwa sababu anasoma akiwa mbali na hakumwona. Shusha NEX ya tumbo irudi ilipokuwa. Geuza fezi ya shingo, washa usomaji wa ziada, peleka mistari kwenye 256.

Ukishafanya hayo na mstari wa shingo ubaki palepale, nitumie T1, T2 na vipande vya mlalo, majina yakiwa yamefutwa, na umpigie simu daktari wako siku hiyohiyo. Hapo si atifakti tena, na mgonjwa huyo asirudi nyumbani kabla daktari hajaiona.